Wamepanda Wawili, Wameshuka Watatu

Kijiwe cha bodaboda pale Mchukwi, wilayani Kibiti, kiko chini ya mwembe. Masika iliyopita nilimkuta hapo kijana ameziba masikio yote mawili kwa hedifoni, simu mkononi, daftari la shule la mdogo wake magotini. Kwenye simu alikuwa na biti kumi na nne alizopewa na prodyuza mmoja wa Mbagala. Kwenye daftari alikuwa na tarehe tatu, na chini ya kila tarehe mstari mmoja, umekatwa.

Akachomoa hedifoni moja kwa adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Natafuta mzuka, mzee. Biti ninazo, maneno ndiyo hayaji. Huku kwetu hakuna cha kuimba. Mpaka niende Dar."

Hatua nne kutoka alipokaa, wenzake walikuwa karibu kushikana mashati. Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Usiku wa juzi yake, mvua inanyesha, mmoja wao aliitwa kijiji cha ndani kumpeleka mjamzito hospitali. Akawapakia mshikaki, mjamzito na mama mkwe wake. Katikati ya mikorosho mtoto akakataa kusubiri. Pikipiki ikasimamishwa, taa ikaachwa inawaka, bibi akampokea mjukuu kwenye khanga, safari ikaendelea. Sasa dereva anadai nauli ya watu watatu, maana waliofika ni watatu. Mume anasema alipatana bei ya wawili, tena huyo wa tatu hakupanda popote, ameshuka tu, na nauli ni ya kupanda. Mwingine akaongeza kwamba dereva asiombe hata senti, kwa kuwa mtoto ameshapewa jina lake, na somo hamdai somo wake. Dereva akauliza kiti chake atakioshea jina?

Nilisimama robo saa. Nikasikia hoja tano, matusi mawili, na kiitikio kizima kikimtoka mama muuza mihogo ya kukaanga, aliyekuwa anageuza mihogo yake huku akirudia kwa sauti ya chini: wamepanda wawili, wameshuka watatu. Mtunzi wetu alikuwa ameirudisha hedifoni sikioni.

Nina ugomvi na hedifoni ile, na wengi wataniona nagombana na jambo lisilogombwa. Imani iliyotawala siku hizi, kwa wasanii, kwa watangazaji, hata kwa walimu wanaosimamia vikundi vya shule, ni kwamba wimbo unatoka ndani. Mtu ana hisia, hisia zikikomaa zinageuka maneno, na kazi ya mtunzi ni kujifungia mahali tulivu na kuzisikiliza. Mtangazaji akimuuliza msanii wimbo wake ulikujaje, jibu ni lilelile: ulikuja tu. Nilikuwa studio, biti ikapigwa, maneno yakaja. Imani hiyo ina ndugu yake pacha, anayesema kwamba mahali pengine pana mawazo na pengine hapana. Dar pana. Kibiti hapana. Mchukwi ndiyo kabisa.

Vijana wamechagua neno linalowaumbua. Mzuka, kabla halijawa neno la studio, ni kile kinachomzukia mtu njia panda usiku kisha kikatoweka. Hakikutumwa, hakishikiki, na kesho hakiji kwa sababu kilikuja jana. Sijamwona mkulima wa huku anayepanga msimu wake kwa kutegemea mzuka. Kwa nini mtunzi apange hivyo?

Kiswahili kilishatupa neno la kazi hii, na neno lenyewe halitaji moyo wala roho. Linataja uzi. Tunatunga shanga, tunatunga maua ya shada, tunatunga samaki. Nenda Nyamisati wakati mashua zinaingia kutoka kwenye mikoko ya delta, utaona mtungo wa samaki: ukindu umepitishwa kwenye mashavu yao, mmoja baada ya mwingine, mkubwa na mdogo, mpaka mtu akishika ncha mbili anainua kitoweo cha nyumba nzima. Mvuvi hakuwaumba wale samaki. Alichojua yeye ni bamvua linaingia lini, maji mafu yanaanza lini, na kijito gani kina nini mwezi huu. Kisha akajua kutunga. Hajazaliwa Nyamisati mvuvi wa kukaa barazani na ukindu mtupu akingoja samaki wazuke humohumo kwenye ukindu.

Najua kuna atakayenikumbusha kwamba neno hilohilo hutunga mimba. Kweli. Ila hata mimba haitungwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Na jipu nalo hutunga usaha, lakini muulize mwenye jipu: kwanza uliingia mwiba, nao ulitoka nje.

Mimi wimbo wa kwanza niliojifunza maishani ulikuwa shauri la nguruwe. Wasioijua Rufiji niwaeleze kidogo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya juu, katika kilichoitwa Operesheni Rufiji. Makazi yakapanda, mashamba ya mpunga yakabaki chini, kwa sababu rutuba haikuhama na watu. Basi msimu ukifika familia hushuka na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini na nguruwe waonekane mapema. Mchana ni kuamia ndege. Usiku ni nguruwe na wakati mwingine kiboko. Dungu na dungu ni umbali wa kuitana.

Jirani mmoja wa bibi yangu alikuwa na sifa ya usingizi. Nguruwe walipita kwake wakiwa na njaa na kufika kwetu wakiwa na hamu. Usiku wa pili bibi hakumwita wala hakumtukana. Aliimba. Aliimba habari za mlinzi fulani anayekoroma vizuri mpaka nguruwe wanakuja kusikiliza. Madungu ya mbali yakacheka, na kicheko usiku kwenye maji kinafika mbali kuliko unavyodhani. Usiku uliofuata mke wa yule jirani akajibu, kwa mahadhi yaleyale, kwamba kuna bibi kizee fulani ambaye nguruwe hupenda mpunga wake kwa kuwa haupaliliwi, wanalala ndani yake kama wako porini. Wiki nzima ikaenda hivyo. Na ile wiki, niseme, nguruwe hawakutusumbua sana, maana hakuna aliyelala.

Hakukuwa na aliyetufundisha sheria, lakini zilikuwepo. Jina halitajwi. Tusi halitoki uchi, huvikwa nguo. Na kiitikio lazima kiwe chepesi kiasi kwamba dungu la tatu, lisilo na ugomvi na mtu, liweze kukiitikia bila kufundishwa. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo inayowashinda wengi wanaorekodi leo. Kiitikio ni mahali ambapo asiyehusika anakaribishwa kuhusika.

Sikumbuki hata siku moja bibi akisema hana mzuka. Alikuwa na nguruwe.

Katika vijiji vya huku kulikuwa na tishio lililozidi polisi na lililokaribia uchawi: utaimbwa. Mwanamume aliyemtelekeza mke, mwanamke aliyemnyima mgonjwa maji, mjumbe aliyekula mchango wa kisima, wote walijua kwamba mavuno yakiisha na ngoma ikitoka, manju atakuwa na la kusema. Manju hakutafuta mada. Mada zilimfuata nyumbani, nyingine zikija na kuku mkononi ili ziachwe.

Haya si ya Rufiji peke yake. Chukua Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, kijijini Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, akaanza maisha kwa kutembeza vyungu. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Leo tukimtaja tunataja sauti. Twende kwenye wimbo wake unaojulikana kama Kijiti. Kwa simulizi iliyobaki, mwanamke mgeni kutoka bara alitolewa matembezi usiku mjini Unguja, akauawa. Mtuhumiwa, Kijiti mwenyewe, alivuka bahari akaponyoka. Walioishia kuadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyokuwepo usiku ule.

Sasa niambie mtunzi wa wimbo huo alihitaji utulivu gani. Ng'ambo nzima, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, ilikuwa imekwama kwenye swali moja, kwamba muuaji yuko nje na shahidi yuko ndani, na hakuna mahakama ambayo ingelipokea swali hilo. Wimbo ukalipokea. Ulikuwa na mtu wa kumsema, watu wa kuwasemea, na mji mzima wa kuitikia. Vitu hivyo vitatu vikikutana, maneno huja yenyewe, na hapo ndipo watu wa mzuka wanapochanganya mambo. Wanaona maneno yamekuja, hawaoni yalikotoka.

Hoja yao ya kwanza dhidi yangu ni kwamba wimbo wa tukio hufa na tukio. Kama ni hivyo, Bi Kidude alikuwa anaimba nini? Aliuimba Kijiti miongo mingi baada ya mauaji yale, mbele ya watu ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa, na hakuna aliyesimama kuuliza mbona habari hii ni ya zamani. Tukio lilikufa. Shahidi anayeadhibiwa badala ya mkosaji hakufa, yuko mtaani kwako. Wimbo unaooza upesi ni ule usio na tukio lolote, ule unaosema nakupenda na siwezi kuishi bila wewe, kwa sababu hauna mahali pa kushikia. Nimesikia nyimbo za namna hiyo zikitolewa Ijumaa na kusahauliwa kabla ya mfungo mosi, na sisemi hivi kwa chuki ya mapenzi.

Maana hoja ya pili ni hiyo: mapenzi hayaishi, na mapenzi yako ndani. Hayaishi, sawa. Kwamba yako ndani, hapana. Mapenzi ya Mchukwi yana anwani. Yanategemea korosho zimelipwa au bado. Kijana aliyekwenda kwa wakwe kupeleka posa, akaomba asubiriwe mpaka malipo ya chama cha msingi yaingie, kisha mnada ukasogezwa, kisha benki ikasumbua, huyo ana wimbo wa mapenzi ambao kijana wa Sinza hawezi kuutunga hata akipewa biti mia. Msichana ambaye baba yake ameshauza korosho mbichi kwa kangomba, yaani mlanguzi, kwa bei ya kutupa, ili amlipie ada, anapendaje? Anamwona vipi mvulana ambaye baba yake ndiye kangomba? Mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaingia kuisomba, kulikuwa na ndoa ngapi zilizosimama zikisubiri foleni ya uhakiki? Sina hesabu. Ninachojua ni kwamba wimbo wa kusubiri mpenzi na wimbo wa kusubiri malipo, huku kwetu, ni wimbo mmoja, na bado sijausikia ukirekodiwa.

Watanijibu: nani atanunua wimbo wa korosho? Soko liko Dar, na Dar wanataka kucheza. Hoja hii ndiyo inayowapakia vijana kwenye basi la barabara ya Kilwa, kwa hiyo nitaikalia kidogo.

Dar ilipotaka majina ya kujivunia katika muziki wake, iliyapata wapi? Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ilipochoka kubadili majina ya vyama vya wafanyakazi iliishia kujiita Msondo Ngoma. Watani wao, Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, wakajiita Sikinde, ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Msondo na sikinde ni ngoma za watu wa pwani, ndugu zetu wa Uzaramoni. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyepita bendi zote mbili mpaka umri wake ukamshusha jukwaani, alikuwa mtoto wa Kisarawe. Wanaume wale walikuwa na magitaa ya umeme na tarumbeta, wakipiga mpaka alfajiri kwenye baa za jiji kubwa, na nyimbo zao zilizodumu ni mashauri ya nyumbani: ndugu wanaogombana, mgonjwa aliyetunzwa au aliyetupwa, mke anayesemwa na wifi. Hayo ni mambo ya kikao cha ukoo. Jiji lilicheza kikao cha ukoo kwa miaka mingi na halikuomba kitu kingine.

Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeingia Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, hakuwa wa huku, lakini alijua samaki wako wapi. Alipotoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza wanaume wavae kondomu wakati Ukimwi unafyeka, redio ya taifa haikutaka kuupiga. Ukapigwa na kanda, kwenye mabasi, kwenye vilabu, kwenye vibanda vya vinyozi. Kila mtu alikuwa ameshazika. Kila mtu alikuwa analisema jambo hilo kwa kuzungukazunguka. Remmy alichofanya ni kuliita jina la utani ambalo mtu angeweza kulitamka mbele ya mkwewe.

Na huyu wa karibuni zaidi, Professor Jay. Ndiyo Mzee, ya mwaka 2001, ni mkutano wa kampeni mtupu: mgombea anaahidi, umati unaitikia. Kiitikio kilishatungwa na viwanja vya mpira vya nchi nzima miaka mingi kabla yake. Kazi yake ilikuwa kwenda kukiokota. (Mwaka 2015 akachaguliwa mbunge wa Mikumi, akawa yeye ndiye anayeitikiwa. Wimbo nao una mizaha yake.)

Hata singeli, ambayo wazee wenzangu wanaidharau kwa mbio zake, inanipa mimi ushindi kuliko inavyowapa wao. Isikilize polepole kama unaweza. Baba mwenye nyumba, mchango wa kigodoro, jirani mbeya, shemeji mroho. Uswahilini ya Manzese na Tandale imejaa watu waliotoka vijiji kama hivi, wakahamia na mashauri yao. Kijana anayeondoka Mchukwi kwenda kutafuta mawazo Dar anapishana njiani na mawazo ya Mchukwi yaliyokwenda Dar kutafuta studio. Studio, naam, iko Dar. Hilo silibishi. Mtu akienda Dar kurekodi nitamchangia nauli.

Kuna hoja moja tu inayonitoa jasho, na wapinzani wangu hawajaitumia, kwa hiyo niwasaidie. Nikisema mtunzi ni mtu aliyetumwa na watu, mbona nyimbo zinazotungwa kwa kutumwa ndizo mbovu kuliko zote? Mbio za mwenge, uzinduzi wa kisima, siku ya kunawa mikono, mgombea anakuja: kikundi kinaitwa, kinapewa ujumbe kwenye karatasi, kinalipwa soda na posho, na kesho yake hata waimbaji hawaukumbuki wimbo. Hapo mzuka ungesaidia, si ndiyo?

Nimelifikiria sana hili. Bibi yangu naye alikuwa ametumwa, na njaa. Ng'ambo ilimtuma Siti. Tofauti ni kwamba aliyewatuma alikuwa ndiye msikilizaji, na alikuwa analijua jambo kuliko mwimbaji, kwa hiyo huwezi kumdanganya. Jirani angejua mara moja kama nguruwe hawakupita kwake. Kwenye uzinduzi wa kisima, aliyetuma ni ofisi, anayesikiliza ni mgeni wa heshima, na anayejua kama maji yanatoka yuko nyuma ya kamba na hakuulizwa. Bendi zetu za zamani nyingi zilimilikiwa na vyama na majeshi. Ziliimba sifa zilizotakiwa, zikaimba pia mashauri ya nyumbani. Jiulize wewe mwenyewe ni zipi unazoziimba jikoni.

Na nichokoze upande wa pili, wa wazee wenzangu, wanaosema vijana wa sasa hawana cha kusema, kwamba ngoma za zamani zilikuwa na mafunzo na hizi ni kelele. Ni imani ileile imevaa kanzu. Nayo inadhani mawazo ni mali ya mtu fulani au zama fulani. Unyago haukuwa na nyimbo nzuri kwa sababu makungwi walikuwa na vipaji kutuzidi. Ulikuwa na nyimbo nzuri kwa sababu mwali alikuwa ameketi pale, siku zinahesabiwa, na kila somo lilipaswa kuingia kichwani mwake kabla hajatolewa. Wasukuma walitunga na bado wanatunga kwa wingi wa kutisha kwa sababu Wagika na Wagalu, makundi yao mawili ya ngoma, wanashindana kila baada ya mavuno, na ukienda uwanjani na wimbo wa mwaka jana umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Muyaka wa Mombasa, karne mbili zilizopita, ana beti nyingi zisizoeleweka vizuri mpaka ujue alikuwa anamjibu nani. Vijana wetu tumewaondolea mshindani, mwali na wa kumjibu, tukawaachia simu. Kisha tunawashangaa.

Nikubali kitu kimoja. Mzuka upo. Kila aliyewahi kutunga anaujua ule wakati maneno yanapojipanga kabla hujayaita, na ni raha isiyo na mfano. Ila humjia aliyekwisha kulowa. Bibi usiku wa tano alitoa beti tatu mfululizo ambazo sitazisahau, na ule ulikuwa mzuka kamili, lakini alikuwa na siku nne za hasira mgongoni.

Tena kuna ukimya mwingine huku kwetu ambao hauna uhusiano na mzuka, na unasingiziwa mzuka. Kati ya mwaka 2015 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa nchi ya hofu. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja hapahapa Kibiti. Bodaboda zikakatazwa usiku. Vijiwe kama kile cha chini ya mwembe vilifungwa jua likiwa bado lipo, watu wakala mapema, wakafunga milango, wakasikiliza. Muulize mtu yeyote aliyekuwepo kama kulikosekana cha kuimba. Kilichokosekana ni dungu la tatu. Kiitikio kinataka mtu asiyehusika aweze kuitikia bila woga, na wakati ule kila aliyefungua mdomo alikuwa anahusika. Mpaka leo watu hushusha sauti wakifika hapo. Mtunzi wa huku anayeniambia hana wazo, wakati mwingine namwangalia usoni na kuona kwamba analo, na kwamba amefanya busara kuvaa hedifoni. Huyo sina ugomvi naye. Simwambii atunge. Namwambia tu asijiite mkavu.

Lakini si kila jambo letu liko hivyo. Mafuriko ya 2024 yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, kila baraza ilikuwa na pande mbili: mvua au bwawa? Wengine walisema ni maji ya Mungu, wengine walisema ni maji ya umeme, wakimaanisha Bwawa la Nyerere kule juu. Nilimsikia mzee mmoja akisema mto huu zamani ulikuwa unaomba ruhusa kwa samaki, siku hizi unapewa amri kwa simu. Nikatazama kulia na kushoto kama kuna anayeandika. Hakukuwa na mtu. Wiki hiyohiyo redio ilipiga nyimbo sita mfululizo za wapenzi wasio na jina, katika chumba kisicho na dirisha, katika mji usio na mto.

Turudi kijiweni. Yule kijana aliniomba namba ya mtu yeyote ninayemfahamu studio za Dar. Sikuwa nayo. Nikamwambia asogee aketi na wenzake, akaniambia hao wanapiga kelele, atapoteza biti. Nikakaa kimya, nikanunua mihogo.

Shauri lilikuwa limekwama. Dereva ameshuka mpaka nauli ya wawili na nusu. Mume ameapa kwa mama yake. Hatimaye dereva, akitafuta mtu ambaye hajachukua upande, akamgeukia kijana na kumpiga begani. "Wewe msanii! Hebu amua. Ni wawili au watatu?"

Ilibidi aelezwe kisa chote upya, na kila mmoja akakieleza kwa namna yake, pamoja na mama wa mihogo. Akasikiliza mpaka mwisho. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia kifuani, biti inalia humo ndani peke yake kama nzi kwenye chupa.

"Watatu," akasema. "Ila huyo wa tatu amekopa."

Mume akataka kujua ni nani atakayemdhamini.